Makochi Yaliyongoja Wimbo

Kwenye karakana yetu kochi halitoki mpaka watu walikalie hadithi nzima. Tunamwambia mteja hivyo siku ya kwanza, kabla baba hajapima hata ubao mmoja, na wateja wapya hucheka wakidhani ni mzaha wa mafundi. Huacha kucheka siku wanapokuja kuchukua mali yao na kuambiwa wangoje Jumamosi saa kumi alasiri, shangazi asimulie.

Sababu ipo, wala si ushirikina. Nilipokuwa na miaka saba baba alimtengenezea mtu mmoja kochi la watu watatu. Alilijaribu kwa kulikalia na kulipiga ngumi, likanyamaza, likaenda. Siku wakwe wa yule bwana walipokuja kumtembelea, mkwe mwanamume alijisogeza kidogo kupokea kikombe cha chai, na kochi likatoa sauti ambayo mtu mzima hatoi mbele ya wakwe. Mzee wa watu akaona haya, akakaa saa nzima bila kutikisika. Alipoinuka kuaga, likarudia. Kesho yake kochi lilirudishwa kwetu na baba hakula siku mbili.

Aliyemfumbua macho ni shangazi, dada yake mkubwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehamia kwetu.

"Tatizo lako," alimwambia, "mtu ukimwambia ajaribu kiti, anakaa kama anapigwa picha. Kiti hakiwezi kulia hivyo. Mtu inabidi asahau kwamba amekaa."

Na njia pekee aliyoijua shangazi ya kumsahaulisha mtu makalio yake ilikuwa hadithi. Wiki ile ile aliwaita majirani, akawapanga juu ya makochi yote yaliyokuwa tayari uani, akaanza. Penye kutisha watu walijirusha nyuma, egemeo likapimwa. Penye kuchekesha waliruka, springi zikapimwa. Penye huzuni kila mmoja aliegemea upande, mikono ya kochi ikapimwa. Baba alikaa pembeni na zeze lake alilorithi kwa babu, akipiga nyimbo za kwenye hadithi, kichwa kakipindisha, sikio moja limeelekea mbao. Hadithi ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwenye kochi la tatu, akalitia alama ya chaki chini ya mguu wa nyuma. "Huyu ndiye aliyekuwa anasema," akasema.

Tangu siku hiyo imekuwa kawaida yetu, na sasa ni miaka thelathini na moja. Shangazi akisimama hasemi maneno ya kufungulia hadithi wanayoyasema wengine. Yeye huuliza, "Mmekaa?" Watu hujibu, "Tumekaa." Huuliza tena, "Kochi linasemaje?" Hujibu, "Halisemi kitu." Naye humalizia, "Basi nitasema mimi."

Sasa nimweleze mwenyewe. Shangazi alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa kwa miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu waliotaka kuzungumza na, kwa maelezo yake, kuwazuia wasiostahili. Ilipokuja mitambo inayojiunganisha yenyewe akapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani, akaja kwetu na masanduku mawili. Mume wake wa kwanza alikuwa amefariki. Wa pili, anasema, alikata simu. Mama yangu naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo shangazi alinikuta mimi na baba tunakula mkate mkavu na kutazamana. Akaniogesha, akanisuka, akanichapa, akanifundisha cherehani. Nikisema shangazi, mjue nasema mama.

Kwa ufundi, Mungu anisamehe, hafai. Kazi aliyopewa ni kujaza mito, na mito yake huwa migumu hata ukimpiga mtu nayo kichwani utaitwa kituo cha polisi. Mimi huifumua kimyakimya na kuijaza upya. Naamini anajua, ila heshima imekaa katikati yetu na hakuna anayetaka kuisogeza.

Lakini akisimama kusimulia, hata mimi mwenye kazi za kumaliza huacha cherehani. Watu wanaokuja wana televisheni majumbani, wana simu zenye kila kitu. Niliwahi kumuuliza fundi saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anafuata nini hapa kila Jumamosi na hadithi zenyewe anazijua. Akasema televisheni haijali ukiitikia au usipoitikia. Kweli kabisa. Kwa shangazi usipoitikia, anakunyamazia na kukutazama mpaka uone haya.

Anazo hadithi kama thelathini. Iliyo ndefu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, alisimuliwa na mama yake mzazi wakipukuchua mahindi. Ni ya binti ambaye zimwi lilimwibia mama yake kicheko, likakifungia ndani ya kibuyu. Mama akabaki anaishi, anapika, anafagia, lakini hacheki. Binti anakifuata kicheko, anapita porini, anavuka mito, mwishowe anafika kwenye mlango mkubwa wa nyumba ya zimwi, penye mlinzi. Mlango ule haufunguki kwa ufunguo. Hufunguka kwa wimbo tu. Shangazi huimba shairi, baba hufuata kwa zeze, nasi sote huitikia, "Mlango, sogea kidogo." Maneno ya shairi lenyewe ni ya kizamani, nusu yake hakuna aliyeyaelewa, na hadithi yenyewe huisimulia mara moja tu kwa mwaka, makochi yakiwa mengi.

Mwaka huu makochi yalikuwa mengi. Yalikuwa manane, na kati yake seti nzima ya Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa anastaafu na amealika watu nyumbani kwake. Ua ulijaa. Shangazi akamtembeza binti porini, akamvusha mito, akamfikisha mlangoni. Baba akapiga utangulizi wa wimbo.

Shangazi akafungua kinywa, akakifunga.

Baba akadhani amewahi mno, akapiga utangulizi tena. Akapiga mara ya tatu. Watu wote walikuwa wamejiweka tayari kuitikia, wengine midomo iko wazi. Shangazi akapiga mafunda mawili ya maji, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaambia watu kwenye simu kwamba bosi yuko kwenye mkutano: "Mlango umegoma. Mrudi Jumamosi ijayo."

Watu walidhani ni mbinu mpya. Fundi saa alipiga makofi. Mama Pacha, jirani yetu wa nyuma, alisema hiyo ndiyo inayoitwa kukomesha watu, akaondoka na mapacha wake wakilia kwamba binti atalala nje. Wanaume wawili waliokuja na mkokoteni kuchukua makochi ya Mwalimu Mkuu waliambiwa na baba kwamba haiwezekani, hadithi haijaisha. Wakaondoka na mkokoteni mtupu.

Wiki ile shangazi alianza kunizungukazunguka. Nikishona, anakuja na mto wake, anakaa karibu.

"Hivi wewe, ule wimbo wa mlangoni unaukumbuka vizuri?"

"Naukumbuka, Shangazi."

"Hebu imba nione. Vijana wa siku hizi hamkumbuki kitu."

Nikaimba, "Mlango, sogea kidogo."

"Hicho ni kiitikio. Anza mwanzo."

"Mwanzo ni wako, Shangazi. Sisi tunaitikia tu."

Aliendelea kusokomeza pamba kwenye mto uliokwisha kujaa zamani. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Umekutoka," nikasema.

Akatazama mlangoni kama baba yupo, kisha akanong'ona. "Niliamka Jumamosi asubuhi ninao. Nikaoga ninao. Nimefika pale, hamna. Nimeutafuta siku nne. Mama alianza hivi hivi, unajua? Alianza na nyimbo. Kisha yakafuata majina yetu."

Nikamwambia ni uchovu, kila mtu husahau. Akaniambia nisimwongopee, yeye ameongopea watu kwenye simu miaka ishirini na anaujua mlio wake. Akaniapisha nisimwambie baba. Akasema atajaribu Jumamosi hiyo na ile inayofuata, na kama wimbo haukurudi atanyamaza moja kwa moja. "Msimuliaji asiyejua wimbo ni mzigo," akasema, "na mimi sikuja kwa ndugu yangu kuwa mzigo."

Nililia baadaye, stooni, nyuma ya marobota ya sponji. Sioni haya kusema.

Jumamosi ya pili ua ulijaa zaidi, maana habari za mlango kugoma zilikuwa zimeenea. Shangazi alimrudisha binti mlangoni, na kwa kuwa wimbo haukuwepo, akaanza kuueleza mlango. Alieleza mbao zake. Alieleza misumari yake, safu kwa safu. Alieleza rangi iliyopakwa juu na rangi ya zamani iliyokuwa ikichungulia chini yake. Nusu saa ikapita tuko kwenye komeo.

Fundi saa akanyoosha mkono. "Samahani, Bi Mkubwa. Huyo binti hawezi kupanda ukuta?"

"Ukuta una vipande vya chupa juu," shangazi akasema.

"Hawezi kuzunguka nyuma?"

"Nyuma kuna mbwa."

"Wangapi?"

"Wanatosha," shangazi akasema, kwa namna iliyomfanya fundi saa akae.

Saa kumi na mbili mlango ulikuwa bado umefungwa. Baba akafunika makochi kwa maturubai, sasa yamefika kumi na moja na hakuna pa kupita. Kwenda chooni ilibidi kuruka juu ya mikono ya kochi.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe. Ni mtu mrefu, mpole, aliyezoea kusikilizwa, na alikuja amevaa tai.

"Fundi," akamwambia baba, "wiki ya pili mimi na mke wangu tunakalia ndoo. Jumapili hii nina wageni arobaini. Makochi yangu yamekwisha, nayaona pale."

"Yamekwisha kushonwa, Mwalimu. Hayajamaliza hadithi."

"Basi wasimulieni fupi. Ya sungura, hata dakika tano."

Shangazi akatokea na mto kwapani. "Mwalimu, mtoto wa watu kasimama nje wiki mbili, njaa yake, baridi yake. Nimwache pale nikahangaike na sungura?"

Mwalimu Mkuu akafikiri. Naapa nilimwona akifikiri. "Hapana," akasema mwishowe. "Hiyo haitakuwa sawa." Akaondoka na tai yake, akasema atakuja Jumamosi kukaa mwenyewe.

Nikaona sasa kiapo au si kiapo, lazima nitafute wimbo. Na wa kwanza niliyemwendea alikuwa baba, nikijidanganya kwamba sivunji kiapo mradi nisimwambie kwa nini nauliza. Baba ameupigia wimbo ule zeze miaka thelathini na moja, na tangu utotoni aliusikia kwa mama yake. Nikamkuta anachonga mguu wa kiti.

"Baba, maneno ya wimbo wa mlangoni yanaanzaje?"

Patasi ikasimama. "Yale ya dada yako," akasema, maana akihangaika hukosea udugu wote. "Ya shangazi yako. Ndiyo. Yanaanza pale... kuna kitu kuhusu mto."

"Mto wa kulalia au wa maji?"

Akainamisha kichwa. Baba yangu ana miaka sabini na nilimwona akiona haya kama mwanafunzi. "Mwanangu, mimi sijui hata neno moja. Sijawahi kuyasikiliza. Mimi nasikiliza mbao."

"Miaka yote hiyo?"

"Najua wapi anavuta pumzi. Najua wapi anapanda na wapi anashuka. Maneno nilikuwa nayaacha yapite. Usimwambie, tafadhali. Ataniua." Kisha akaniuliza kwa nini nauliza, nikasema bure tu.

Kwa hiyo nikawa na siri mbili zinazotazamana, na mimi katikati natabasamu kwa pande zote mbili mpaka mashavu yakaniuma. Nikaenda kwa Mama Pacha, niliyekumbuka kwamba mwaka juzi alirekodi hadithi kwa simu, ameificha ndani ya khanga. Akanisikilizisha. Kilichosikika ni Mama Pacha mwenyewe akiitikia kwa nguvu zote, na mapacha wakigombania karanga. Nikaenda kwa fundi saa. Yeye aliapa kwamba shairi linaanza na jogoo. Mama Pacha akasema jogoo yuko hadithi nyingine, hii inaanza na mwezi. Wakabishana juu ya ukuta mpaka jioni, kila mmoja akiimba lake, na kila mmoja, nikiwasikiliza vizuri, alikuwa anatunga.

Jumamosi ya tatu ikafika. Asubuhi nilimkuta shangazi anakunja khanga zake na kuzipanga ndani ya sanduku. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, anapanga tu, ila mtu akiwa amepanga vitu vyake huwa mwepesi. Nikamsaidia kukunja.

Saa kumi ua haukuwa na nafasi ya kutupa sindano. Watu watano kwenye kochi la watatu. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kochi lake mwenyewe, mke wake upande huu, mapacha wa Mama Pacha upande ule. Baba pembeni na zeze, kichwa amepindisha.

"Mmekaa?"

"Tumekaa."

"Kochi linasemaje?"

"Halisemi kitu."

"Basi nitasema mimi," shangazi akasema.

Hakueleza mbao wala misumari. Alisema binti alisimama mlangoni siku nyingi, watu wakidhani mlango umegoma. Mlango haukuwa umegoma. Binti alikuwa amesahau wimbo.

Fundi saa, aliyekuwa ameandaa makofi, akashusha mikono.

"Haukuanguka njiani," shangazi akasema. "Hakuibiwa. Alikuwa nao tangu utoto, siku alipouhitaji akakuta mahali pake patupu. Akaogopa. Kwa sababu mama yake naye alianza hivyo, na wimbo, kisha majina ya watoto wake. Akaona haya kusema. Akasingizia mlango. Basi leo akamgeukia mlinzi, akamwambia, ndugu mlinzi, wimbo umenitoka, nakuaga, narudi nilikotoka."

Hakuna aliyeitikia, maana hapakuwa na cha kuitikia. Mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika kitambaa puani. Shangazi akainamisha kichwa kidogo, namna anayofanya hadithi ikiwa imekwisha, na akaanza kushuka kwenye kijukwaa chetu cha mbao.

Baba akakohoa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno ndani ya hadithi. Kazi yake ni zeze na chaki.

"Mlinzi akasema," akasema baba, sauti imekwaruza, "akasema hata yeye haujui."

Shangazi akasimama, mguu mmoja juu, mmoja chini. "Mlinzi haujui?"

"Haujui, Dada."

"Miaka thelathini na moja kakaa mlangoni, wimbo unapita mbele ya pua yake, haujui?"

"Alikuwa anasikiliza mbao," baba akasema. Kisha haraka, "Za mlango."

Fundi saa akacheka peke yake, akaacha. Shangazi akapanda tena kijukwaani. Nimeishi naye maisha yangu yote, najua mgongo wake ukinyooka vile ni nini kinafuata. Baba naye anajua tangu utotoni, na mtu akiwa na hofu mikono yake hushika kitu kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni upinde wa zeze. Akaanza kupiga utangulizi wa wimbo wa mlangoni, nadhani bila hata kujijua, na shangazi akaanza kumgombeza juu yake.

"Miaka thelathini na moja, bega kwa bega nimekaa naye."

Hakuwa anaimba. Alikuwa anafoka. Lakini alikuwa amesimama juu ya tuni ile miaka mingi mno, na hasira yake ilipanda pale inapopanda na ikashuka pale inaposhuka. Alipovuta pumzi, baba akamngoja. Mmoja wa mapacha, asiyejua tofauti ya kuimba na kugomba, akaitikia peke yake kwa sauti nyembamba, "Mlango, sogea kidogo."

Shangazi akamtazama. Akamtazama baba. Akaendelea.

"Nimeimba koo likanikauka, kumbe mwenzangu asikiliza miti."

"Mlango, sogea kidogo," wakaitikia kama kumi.

"Nikadhani nina shahidi, kumbe nimekaa na nyundo."

"Mlango, sogea kidogo," ua mzima, na watu wanacheka hadi makochi yanaruka. Mwalimu Mkuu alikuwa amelegeza tai na anapiga mapaja. Mama Pacha amesimama. Baba anapiga zeze huku amejikunyata kama mtu anayenyeshewa, na hakukosea hata mahali pamoja. Shangazi akapandisha sauti kwa ubeti wa mwisho, na sauti ikakatika katikati.

"Nikisahau na jina lako, nani ataniambia?"

Watu waliokuwa wakicheka waliitikia taratibu zaidi. Baba hakuacha kupiga. Alikuwa ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona anapiga zeze huku anamtazama dada yake usoni.

"Mlango ukafunguka," shangazi akasema, akifuta uso kwa upande wa khanga, na vilivyobaki akavimaliza kwa dakika kumi, zimwi likapigwa, kibuyu kikapasuka, mama akacheka akiwa jikoni bila kujua anachocheka. Makochi kumi na moja yaliondoka jioni ile. Tuliweza tena kwenda chooni kama binadamu.

Maneno ya zamani hayakurudi mpaka leo. Unaoimbwa sasa ni ule wa kumgombeza baba, nami nimeuandika nyuma ya mlango wa stoo kwa kalamu ya rangi. Wapo watu wameanza kusema ndivyo wimbo ulivyokuwa tangu zamani, na fundi saa amekwisha kuapa kwamba bibi yake aliuimba hivyo hivyo. Kuna vitu vingine shangazi husahau, na tunavijua, hatujifanyi hatuoni. Lakini hajanyamaza. Sanduku alilifungua mwenyewe Jumapili akitafuta khanga ya kuvaa kwenye sherehe ya Mwalimu Mkuu.

Nimeruka Jumatatu iliyofuata, na Jumatatu hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Asubuhi na mapema mkokoteni ulisimama nje, na juu yake kochi la watu watatu la Mwalimu Mkuu. Mwalimu alikuja nyuma yake, mpole kama kawaida.

"Linalia, Fundi," akasema. "Mkono wa kushoto. Sikutaka kusema mbele ya wageni, lakini lilisema lenyewe."

Baba akaegemea ule mkono, ukapiga kelele. Haukuwa mlio mdogo wa kutafuta kwa sikio. Hata kiziwi angeustukia. Katika miaka thelathini na moja hakuna kochi lililokuwa limerudi. Shangazi alitoka na mto wake kwapani, akasikia, akamsogelea baba aliyekuwa amepiga magoti anachokonoa msumari.

"Hili lilikuwa mbele yako kabisa," akamwambia. "Jumamosi ulikuwa unasikiliza nini?"

Baba hakuinua kichwa. "Wewe," akasema.

Shangazi alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kusikia neno moja. Mwalimu Mkuu akatazama juu, kama mtu anayekagua mabati.

"Usizoee," shangazi akasema mwishowe. "Tutakosa wateja." Akaweka mto chini, akakaa juu ya ule mkono wa kushoto, akautikisa ulie, ili mdogo wake asikie pa kugonga.